Siku Tisa za Saa Kumi na Dakika Ishirini

West Hampstead, London
19 Aprili 1953

Mdogo wangu Erwin,

Natumaini bahari ililihurumia tumbo lako, na kwamba Montreal imekupokea vizuri kuliko Dover ilivyotupokea sisi wawili mwaka ule. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limekuwa likitabiri mvua tangu Februari na halijakosea hata mara moja. Bi Pollak wa chini anakusalimu. Bado anaoka keki ya mbegu za popi kila Jumapili, na bado anaiunguza. Kutoka Brno hakuna barua. Siku hizi sishuki ngazi kumsubiri tarishi, akifika, amefika.

Filamu yetu imo mikononi mwa wahariri wanaoikata. Wanasema *Hodi ya Alasiri* itaonyeshwa mwezi wa tisa. Bwana Croft ameshakwenda Italia kuongoza nyingine, ameniachia maswali kumi na manne kwenye karatasi moja. Bwana Pettifer, muuaji wetu wa kwenye filamu, amenialika chakula cha mchana akanipa nyama ya sungura wake mwenyewe. Nikamuuliza, "Umemchinja wewe?" Akashtuka. "Mimi? Bi Mina, mimi siwezi! Humwita jirani, mimi naingia ndani nafungua redio."

Sasa nifike kwenye lililonikalisha mezani.

Len Purkiss amekamatwa. Ndiyo, Len fundi umeme, yule aliyekuwa akinipigia kelele kutoka kwenye kichanja cha taa, "Mama Daftari, saa ngapi huko chini?" nami nikamjibu, "Saa kumi na dakika ishirini," na seti nzima ikacheka, siku ya tisa kama siku ya kwanza. Walimchukua Ijumaa ya tarehe kumi. Bi Agnes Tolley, muuguzi mstaafu wa Larkmead, mji wa studio yetu, aliyekuwa bado akizungukia wagonjwa kwa baiskeli, aligongwa karibu na daraja Jumanne ya tarehe 17 Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi. Aliyemgonga hakusimama. Watu wawili waliliona gari la kijani la mafundi umeme. Mlinzi wa lango aliliona likitoka, hakumwona dereva. Taa yake ya mbele imekutwa imevunjika. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wa Len, katika kibanda chao, kama siku zote.

Len anasema asubuhi yote alikuwa juu ya kichanja, kisha saa saba akaenda nyumbani kwa kuwa mtoto alikuwa na surua. Wenzake hawawezi kuapa. Unajua ilivyo: ukiwa chini, taa zinakupofusha, ukiwa juu, kila mtu ana pembe yake. Wakili wake akaomba studio chochote kinachomwonyesha siku hiyo. Ikapatikana picha moja, ile ya mwigizaji wetu Bi Lorne na kitambaa chake cha shingoni, yenye tarehe nyuma kwa mwandiko wangu. Juu kushoto, nyuma ya taa, uso wa Len unaonekana wazi. Na ukutani, saa.

Polisi wameitazama saa hiyo wakasema: ulituambia uliondoka saa saba, na hapa uko kazini saa kumi na dakika ishirini. Basi umedanganya jioni, kwa nini tukuamini asubuhi? Len akawaambia ile ni saa ya seti, imesimamishwa kwa ajili ya filamu. Sajini akaenda stoo ya vifaa akaikuta inatembea vizuri, tiki-taki, kwa sababu mzee wa stoo hapendi saa iliyokufa. Wakacheka.

Waliobaki studio wote wamesema jambo moja: muulizeni Mina, ndiye anayeandika kila kinachopigwa. Sajini alikuja hapa Alhamisi. Nilimwambia nitalitafuta daftari.

Unakumbuka nani alipiga picha ile?

Dada yako,
Mina


Montreal
8 Mei 1953

Dada yangu Mina,

Barua yako ilinikuta nina mafua. Hapa theluji imekwisha lakini hakuna aliyeiambia baridi. Nimepanga chumba kwa mjane, Bi Gauthier, anayepika supu ya njegere nzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Ananiita "Bwana wa London." Nimechoka kumweleza. Nimepata kazi kwenye kampuni ya matangazo: napiga picha majokofu. Majokofu hayafumbi macho, hayalalamiki kuhusu pua zao, wala hayachelewi. Ungeyapenda.

Habari ya Len imenihuzunisha sana. Ni mtu mzuri. Lakini usijitie hofu, Dada. Mahakama za Waingereza si kama tulizozoea sisi. Hawatamfunga mtu wao bila sababu. Wakili atapata njia.

Kuhusu picha, nilipiga mamia kwenye filamu ile. Siwezi kukumbuka kila moja. Na daftari, kama halionekani, halionekani. Vitu vingi hupotea studio zinapovunja seti. Hakuna atakayekulaumu.

Unavaa zile soksi za sufu? Goti linahitaji joto.

Nikifungua sanduku la kamera bado nasikia harufu ya seti ile. Siku tisa kwa dakika mbili za filamu! Croft ni mwendawazimu.

Mdogo wako,
Erwin


West Hampstead
31 Mei 1953

Mdogo wangu Erwin,

Pole kwa mafua. Kunywa maziwa ya moto na kitunguu, kama Mama alivyokuwa akikulazimisha, na ukitaka kuyamwaga kwenye chungu cha maua, mimi sipo kukuona. Hapa mtaa mzima umejaa bendera. Jumanne malkia anavikwa taji. Bi Pollak amenunua kikombe chenye picha yake, hataki mtu anywee. Mimi soksi navaa.

Daftari halijapotea. Sikuandika kwamba limepotea. Niliandika kwamba nilimwambia sajini nitalitafuta. Ni tofauti, na wewe unaijua tofauti hiyo kwa kuwa mimi ndiye niliyekulea. Liko kwenye droo, chini ya soksi hizo hizo. Katika miaka kumi na mitatu ya kuandika nani amevaa nini na mkono gani umeshika kikombe, sijamwambia mtu yeyote neno lisilo kweli kuhusu karatasi zangu. Lile la Alhamisi ndilo la kwanza.

Nilikwenda Watford kumwona Doreen, mke wa Len. Ana mimba ya miezi saba. Alinimiminia chai akasahau kutia majani, tukanywa maji ya moto na maziwa. Kisha akasema, "Bi Mina, Len ananiambia wewe ukikohoa unaandika umekohoa saa ngapi. Kweli si kweli?"

"Karibu na kweli."

"Basi utakuwa umeandika kwamba alikuwepo."

Nikamwambia kuna makaratasi mengi. Akanitazama. "Mengi," akasema. "Haya." Akanifungashia kipande cha keki ya mkate niende nacho. Nilikila kwenye treni. Sijui kwa nini nakuandikia hilo, ila nilikila chote.

Nimesoma gazetini kikao cha uchunguzi wa kifo. Daktari alisema Bi Tolley hakufa pale pale. Alilala kwenye mtaro hadi saa saba, muuza maziwa alipoona gurudumu la baiskeli. Angefikishwa hospitali ndani ya saa moja, alisema daktari, angekuwa na mguu wa kuchechemea na hadithi ya kusimulia. Alikuwa na miaka sitini na sita. Nusu ya watoto wa Larkmead, walipozaliwa, amewapokea yeye.

Erwin, huulizwi kitu kigumu. Jumanne ile, kuanzia saa nne na dakika arobaini hadi saa sita na robo. Niandikie mstari mmoja. Wowote utakaoandika nitauamini, nami nitauweka mahali pake.

Mina


West Hampstead
12 Julai 1953

Erwin,

Sina hakika kama barua yangu ya mwisho ilifika. Posta wanasema imefika.

Mimi mzima. Bi Pollak ameanguka ngazini, amevunjika kifundo cha mkono, mimi ndiye ninayeunguza keki sasa.

Doreen amejifungua Jumatano, mvulana. Len yuko rumande, alipewa habari kupitia kitundu cha mlango. Kesi imepangwa Oktoba. Sajini alikuja tena. Ni kijana mpole, ana madoa ya wino vidoleni kama mimi. Aliniuliza, "Lile daftari, mama?" Nikamwambia bado. Akasema, "Usihangaike sana. Hata hivyo picha inatosha." Akaomba samahani kwa kunisumbua.

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Picha inatosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kiti kila asubuhi, siku tisa, kurudisha mishale ya saa ile mahali pake.

Niandikie.

M.


Montreal
29 Julai 1953

Dada yangu Mina,

Nisamehe. Barua zako zote mbili zilifika. Nimeanza kukuandikia mara sita. Bi Gauthier anadhani nina mchumba.

Nimehamia chumba kikubwa, namba saba, ghorofa hiyo hiyo. Kina madirisha mawili na nafasi ya kitanda cha pili. Ndani ya bahasha hii utakuta tiketi ya meli kwa jina lako, kutoka Liverpool tarehe 25 Septemba. Nimeulizia studio za hapa. Wanahitaji mtu wa kazi yako; kwenye filamu za hapa wanawake wanaingia mlango mmoja wamevaa glavu na kutokea mwingine bila glavu, na hakuna anayejali. Utawanyoosha. Tutakula supu ya kijiko kinachosimama. Tuna miaka mingapi mbele yetu, Mina? Katika meza ile ya Brno tulikuwa sita. Tumebaki wewe na mimi.

Unaniuliza kuhusu Jumanne. Ngoja nikuulize mimi. Unakumbuka tulipovuka mpaka usiku ule, ukaniambia, "Ukiona mtu wa sare, usimtazame, usisimame, tembea"? Nilikuwa na miaka thelathini lakini ulinishika mkono kama mtoto. Nadhani yapo mambo mtu akishafundishwa hayatoki tena mwilini. Nadhani mtu anaweza kuwa anaendesha gari alilolichukua bila kuomba ruhusa, kwa sababu tu balbu za kamera zimekwisha na hataki Croft amfokee, na barabara ina ukungu, na ghafla anaona koti la buluu na kofia ya sare, na mguu wake ukaamua kabla yake. Nasema *mtu*. Anaweza baadaye kujiambia kwamba lilikuwa tawi tu. Anaweza kujiambia hivyo mpaka asome gazeti.

Len ni Mwingereza, ana miaka thelathini na mbili. Akifungwa, atafungwa miaka michache, atatoka, atarudi nyumbani kwake, kwa watu wake. Mimi wakinipata nitarudishwa wapi, Dada? Nani atanifungulia mlango?

Mstari ule wa daftari una sehemu mbili. Najua jinsi unavyoandika. Ile ya kwanza, ya saa, ingemsaidia Len. Ile ya pili haimsaidii mtu. Wembe mmoja tu unatosha. Au lete daftari lote, tulitupe baharini katikati.

Mama alikuambia nini kituoni? Nilikuwa nimesimama pale. Nilisikia.

Njoo.
Erwin


West Hampstead
14 Oktoba 1953

Mdogo wangu Erwin,

Nakuandikia asubuhi, nimeshiba, nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na ninakuambia hivyo ili usije ukafikiri niliyoyafanya niliyafanya kwa uchovu. Bi Pollak mkono umepona. Sukari sasa inauzwa bila kadi, kila mtu ananunua asichohitaji. Filamu inaonyeshwa kwenye majumba manne ya London na watu wanapanga foleni kwenye mvua. Gazeti moja limeandika kwamba tukio la sebuleni, dakika zile mbili, ndilo bora kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa katika nchi hii kwa namna yake. Kwamba mtazamaji anaitazama saa ya ukutani na kusahau kupumua. Nilikwenda kuliona. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alimshika mumewe mkono. Sikuweza kutazama hadi mwisho.

Tiketi yako iko ndani ya bahasha hii. Tarehe ishirini na tano niliamka mapema, nikafunga sanduku, nikakaa juu yake hadi treni ya Liverpool ilipokwishaondoka. Ndivyo nilivyokaribia.

Wembe pia niliushika. Sikufichi. Niliuweka kwenye mstari, chini ya neno la mwisho la sehemu ya kwanza, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Jana nilikwenda mahakamani nikamwambia wakili wa Len kwamba daftari ninalo. Hakuniuliza lilikuwa wapi. Alinikimbiza kizimbani kana kwamba ningebadili nia kwenye ngazi. Wakili wa serikali ni mtu mrefu mwenye sauti ya mwigizaji wa pili, yule asiyepewa nafasi kubwa. Akasema, "Kwa hiyo, Bi Tausig, unataka baraza la mahakama liamini kwamba huko Larkmead ilikuwa saa kumi na dakika ishirini kwa siku tisa mfululizo?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Siku ya kumi tulirudi nyuma ikawa saa kumi na robo, kwa sababu mwongozaji alisahau kumpiga picha paka."

Watu wakacheka. Hata Len alicheka kule kizimbani kwake. Amekonda, Erwin, shati limemvaa yeye. Nikasoma: taswira namba mia mbili na kumi na mbili, kupigwa mara ya tatu, saa tano na dakika tano asubuhi; picha ya kitambaa cha Bi Lorne imepigwa kati ya mara ya tatu na ya nne. Daraja liko maili sita kutoka studio. Len hakuwa na mbawa. Nikafunga daftari.

Nadhani ningeshuka pale. Nadhani wangeniacha nishuke. Lakini jaji ni mzee, naye ni mtu wa karatasi. Alikuwa akiandika pamoja nami, akainua macho akasema, "Ulisita, bibi. Mstari umekwisha?"

"Haujakwisha, mheshimiwa."

"Basi usome wote."

Nikausoma. *Imepigwa na M.T. kwa kamera yake ndogo. Mpiga picha za mnato hayupo.*

"Hayupo tangu lini?"

"Tangu saa nne na dakika arobaini. Alirudi saa sita na robo."

"Umeandika hilo pia?"

"Kazi yangu ni kuandika aliyepo na asiyekuwepo."

"Mpiga picha huyo ni nani?"

Nilimwambia jina lako. Akauliza kama nakujua vizuri. Nikasema nilikuosha ulipozaliwa, kwa kuwa mkunga alikuwa na shughuli na Mama. Hakuna aliyecheka.

Barua yako ya Julai sikuitaja. Ni yako, uliniandikia mimi. Lakini walipouliza nani mwingine alikuwa akichukua ule ufunguo kwenye msumari wa Len, Len mwenyewe akajibu, polepole, akinitazama mimi na si wao. Nadhani ndipo alipoelewa. Kwa miezi sita hakuwa amekutaja. Aliniambia baadaye alidhani ni jambo dogo, la kuazima tu, na hakutaka kumtia matatani mtu mgeni ambaye papara za askari zinaweza kumharibia.

Walimwachia saa tisa na nusu. Nilisimama ukumbini nikingoja sijui nini. Doreen alipita na mtoto, akasimama mbele yangu.

"Daftari lilikuwa wapi tangu Aprili?"

"Kwenye droo yangu."

"Droo gani?"

"Ya soksi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei. "Nilikufungashia keki," akasema, akaondoka. Len akamfuata. Hakumbeba mtoto, sidhani kama alikuwa amejifunza kumshika.

Umeniuliza Mama aliniambia nini kituoni. Ulisikia vizuri: *usimwachie mkono Erwin*. Nimelitii neno hilo miaka kumi na minne. Nililitii tangu Aprili hadi juzi, na gharama yake aliilipa mtoto wa Watford ambaye hakumwona baba yake, na Len, na kabla yao mwanamke aliyelala kwenye mtaro karibu saa mbili akisikiliza magari yakipita. Sikukuachia mkono, Erwin. Nimesimama. Wewe ndiye uliyekuwa ukitembea bado.

Umeniuliza pia nani atakufungulia mlango. Watakapokuleta, na watakapokuachia, hata kama nitakuwa kikongwe, nitakuwa hapa na hiki kitanda cha pili. Sihami. Goti litavumilia.

Sajini aliniuliza anwani yako jana jioni, akiona aibu kuliko mimi. Nilimwandikia kwa herufi kubwa, na namba ya chumba pia, saba. Akasema simu ya maandishi itakwenda Montreal kabla hajala chakula cha usiku.

Leo nimekwenda posta kuulizia barua hii kabla sijaifunga. Karani aliniambia kwa ndege itafika baada ya siku nne, kwa meli kumi na mbili. Akaniona nasita, akasema kwa upole, "Ongeza stempu moja, mama, iende kwa ndege. Ndugu yako atakuwa anangoja."

Nikamwambia hapana, iende na meli. Nataka wakufikie wao kwanza.

Dada yako,
Mina